Sini ya Nyuzi Thelathini na Saba

Masharti yalikuwa kumi na mawili. Yalipigwa chapa kwa mashine ya ofisini, yakabandikwa kwa uji wa muhogo kwenye mlango wa Kidato cha Tatu, na juu kabisa yameandikwa: Yanayotarajiwa kwa Mwanafunzi wa Trigonometria. Ilikuwa Januari 1977, katika shule moja nje kidogo ya mji wa Kasulu ambayo sitaitaja jina. Nimezeeka sasa na watu huniambia niyaache, yamepita. Wanaosema hivyo hawakuwepo, na damu inayonichemka si yao.

Aliyeyaandika ni Mwalimu Sylvesta, Mngoni kutoka Songea, kijana mwembamba wa mashati meupe yaliyonyooshwa pasi hata msimu wa vumbi. Siku ya kwanza hakutusalimu. Alitusimamisha mlangoni jua likituwakia, akatusomea yote kumi na mawili, kisha akayarudia. Kila mwanafunzi awe na mkebe wake na kitabu chake cha majedwali. Kuazimana ni marufuku. Jibu lisiloonyesha njia ni sifuri, hata likiwa sahihi. Atakayechelewa atasikiliza kipindi kutoka nje, dirishani. La tisa ndilo lililotumaliza: makosa yanayofanana ni wizi, walioiba wote watapata sifuri, na aliyeanzisha wizi ataondolewa kwenye somo na jina lake litapelekwa kwa Mkuu wa shule.

Majedwali ni kile kitabu chembamba kilichojaa namba tupu. Ukitaka sini au kosini ya pembe yoyote unaitafuta humo, na bila hicho trigonometria ni kupapasa gizani. Sasa nani alikuwa nacho? Baba yangu, Mzee Khatibu, alikuwa na duka Kibondo mjini, na mwaka ule hata sabuni alikuwa haipati, sembuse kitabu cha namba. Nilinyoosha mkono nikasema hivyo hivyo, kwamba vitabu hivyo havipatikani Kibondo wala Kasulu.

"Trigonometria haijui duka la baba yako lina nini," alisema Mwalimu Sylvesta. "Anayefuata."

Tulikuwa wanafunzi thelathini na nane. Sita walikuwa na majedwali, wengi wao watoto wa watumishi wa serikali waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine. Thelathini na wawili tulikuwa na mikono mitupu. Mtu anaweka sharti huku akijua kwamba watu thelathini na wawili hawawezi kulitimiza, halafu anakwenda zake kunywa chai. Hilo silielewi mpaka leo.

Aliyetuokoa ni Nsengimana, na lazima nieleze alikuwa nani.

Kwenye rejesta ya shule Nsengimana alikuwa mtoto wa Busunzu, mjomba wake mkulima wa maharage huko. Mjomba alikuwa wa kweli. Lakini yeye mwenyewe alizaliwa ng'ambo, Burundi, na alivuka mpaka na mama yake mwaka 1972, mwaka wa mauaji, akiwa na miaka kumi na miwili. Kiha na Kirundi vinakaribiana mno, kwa hiyo mgeni asingemtambua. Sisi tulimtambua mapema. Alipopiga hesabu kichwani midomo yake ilikuwa ikichezacheza, na ilichokuwa inahesabu kilikuwa Kifaransa. Mwezi wa pili Mkuu wa shule alitusomea waraka paredi: wanafunzi wote waliovuka mpaka na hawana kibali waorodheshwe, wapelekwe kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Tabora. Huko sekondari ilikuwa haipo. Nsengimana alisimama mstari wa mbele, anatazama bendera, hageuki. Darasa zima tulijua na darasa zima tulinyamaza. Hatukukubaliana kunyamaza, wala hakuna aliyemtahadharisha mwenzake. Ilikuwa hivyo tu.

Likizo ya Pasaka Nsengimana alikwenda Busunzu, akaazima kitabu cha majedwali kwa mganga mmoja wa zahanati aliyekuwa amekihifadhi tangu enzi zake za shule. Alipewa siku kumi. Kwa siku kumi hizo alikinakili kwa mkono kwenye daftari la kurasa tisini na sita, namba baada ya namba, asubuhi baada ya kutoka shambani mpaka jua kuzama. Aliporudi alikuwa amekonda, na kitabu kizima kimo kichwani mwake. Alilichana lile daftari, akatugawia kurasa.

"Kila mtu ashike wake, kisha amfundishe mwenzake," alisema. "Kuazima vitabu kumekatazwa. Kichwa hakijakatazwa."

Mimi nilipewa sini, kuanzia nyuzi thelathini na moja mpaka arobaini na tano. Nilikuwa na bahati moja: nimelelewa chuo cha Kurani Kibondo, nimekariri juzuu kwa kuimba kabla sijajua kuandika jina langu. Nikawafundisha wenzangu namba vilevile. Mchana tulikuwa tunapelekwa shamba la shule, Elimu ya Kujitegemea, palizi ya maharage. Tunajipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka, mimi natamka nyuzi, mstari unaitikia.

"Thelathini na moja."

"Nukta tano moja tano sifuri."

"Thelathini na mbili."

"Nukta tano mbili tisa tisa."

Tukifika arobaini na tano, anapokea Generosa, msichana wa Kakonko mwenye sauti nzito, anaendelea na ukurasa wake. Msimamizi wa shamba alidhani tunaimba nyimbo za siasa, akatusifia. Kwa wiki tano watu thelathini na mmoja tulijaza vichwa vyetu namba. Nsengimana hakuwa nasi shambani, kwa sababu yeye alikuwa kundi la ng'ombe. Angekuwepo angenisikia ninavyotamka, na mambo yangekuwa mengine.

Jaribio lilikuja mwezi wa sita. Mwalimu Sylvesta alipita kati ya madawati akihakikisha hakuna majedwali ya kuazima. Swali la pili lilikuwa hivi: kamba ya mita ishirini imefungwa kwenye kilele cha mlingoti na kuvutwa mpaka chini, ikafanya pembe ya nyuzi thelathini na saba na ardhi, tafuta urefu wa mlingoti. Nilitabasamu nilipoliona. Thelathini na saba ni ya kwangu. Nukta sita sifuri saba nane, zidisha kwa ishirini, mita kumi na mbili nukta moja tano sita. Nikaonyesha njia, nikapiga mstari chini ya jibu kwa rula.

Jumatatu Mwalimu Sylvesta aliingia na karatasi zetu zimefungwa kwa kamba ya katani. Hakuzigawa.

"Sini ya thelathini na saba ni nukta sita sifuri moja nane," alisema. "Wenye vitabu wamepata. Nsengimana hana kitabu lakini amepata, kwa sababu ana akili na anakumbuka. Wengine wote, watu thelathini na mmoja, mmeandika sifuri saba nane. Wote. Kosa moja, kwenye tarakimu moja." Akasogea ubaoni, akaandika. "Kutoka thelathini na sita kwenda thelathini na saba, sini inapanda kama mia moja na arobaini. Kutoka hapo kwenda thelathini na nane, hivyo hivyo. Yenu inapanda mia mbili, halafu sabini na tisa. Mtu yeyote aliyeelewa somo angeshtuka. Ninyi hamkushtuka kwa sababu hamkukokotoa. Mmepewa majibu."

Akasema mtihani umevuja kutoka ofisini, na aliyeuleta ana mpaka Ijumaa kujitaja. Asipojitaja, wote thelathini na mmoja tutapata sifuri, tutarudishwa nyumbani wiki mbili, na fomu zetu za tabia zitaandikwa neno wizi. Kwa fomu yenye neno hilo, hata ufaulu vipi Kidato cha Nne, hakuna atakayekuchagua popote. Kila mmoja wetu alijua hilo.

Sikulia. Nilikuwa na hasira ya kuuma meno. Wiki tano za kuimba namba juani, mikono imetoka malengelenge, halafu tunaitwa wezi. Tena mwizi mkuu ni mimi, maana namba ile imetoka mdomoni mwangu. Nilikwenda moja kwa moja zizini na ukurasa wangu mkononi. Nsengimana alikuwa anakamua.

"Umetupotosha," nilimwambia, hata salamu sikumpa. "Tazama ulichoandika. Saba."

Aliweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye kaptura, akautazama ukurasa. Akausogeza karibu na macho, akaifuata ile namba kwa ukucha, na hasira yangu ikaanza kuona aibu.

"Hii si saba," alisema. "Ni moja."

Akanieleza. Kwao, shule ya mapadri, moja ilikuwa na mkono mrefu mbele, unapanda kutoka chini halafu ndipo unashuka, na saba ilikuwa na kijistari kiunoni ili zisichanganywe. Alipofika Busunzu mjomba wake alimjazisha daftari zima namba moja za kwetu, kijiti kimoja wima, mpaka akaizoea. Kwa miaka mitano hakukosea. Lakini siku ya saba ya kunakili, mkono ulichoka, na mahali pamoja tu, katika daftari zima, ukarudi kwao. Mimi nikasoma saba.

"Basi tumwonyeshe Mwalimu," nilisema. "Ataelewa hatukuiba."

"Oya, hapana, Mwamvua." Alisema taratibu. "Mwambie umekosea mwenyewe kukariri. Ni kweli, si umekosea? Ukurasa usiwaonyeshe. Yule bwana wa wilayani mwenye orodha ya waliovuka mpaka anakuja wiki hii. Akiiona hii moja, nimekwisha."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa Mungu, nimesimama kwenye mavi ya ng'ombe. Akaniomba niuchome ukurasa. Nikasema nitauchoma. Sikuuchoma. Niliukunja nikauweka ndani ya daftari langu la siasa, na kama ukiniuliza kwa nini, jibu langu ni kwamba nilitaka kuwa na kitu cha kujikingia. Hilo halinipendezi kuliandika.

Ijumaa nilikwenda ofisi ya Mkuu wa shule kujitaja. Wenzangu thelathini walikaa kwenye nyasi nje, Generosa amejishika kichwa. Ndani alikuwemo Mkuu, Bwana Longinus, mtu mnene wa suti ya kaunda. Mwalimu Sylvesta amesimama karibu na kabati. Na karibu na dirisha bwana mmoja wa wilayani, anakunywa chai, jalada limelala mapajani. Nilijua ni nani. Nilijua kabisa.

"Shikamoo Mkuu. Shikamoo Mwalimu," nilisema. "Namba ile ni kosa langu. Tulikariri majedwali kwa mdomo, tukiwa shambani. Mimi ndiye niliyetamka vibaya, wote wakashika nilivyotamka."

"Mlikariri majedwali," alirudia Mkuu.

"Ndiyo, Mkuu."

Nikawaimbia. Kutoka thelathini na moja mpaka arobaini na tano, na kosa langu ndani yake. Mwalimu Sylvesta alifungua kitabu chake akawa anafuatisha kwa kidole, na nilipomaliza niliona uso wake umebadilika kidogo. Nadhani alikuwa ameanza kuniamini. Mkuu hakubadilika.

"Namba kumi na tano mtoto yeyote anazikariri kwa siku nne," alisema Mkuu. "Umepata muda tangu Jumatatu. Sikiliza, binti Khatibu. Baba yako tunamjua. Serikali imefunga maduka ya watu, yeye bado ana chumvi ya kuuza. Ulanguzi mnao nyumbani, sasa mnatuletea shuleni. Mtihani mliununua kwa nani?"

Baba yangu alikuwa akiuza chumvi kwa bei ya serikali, na kwa ajili hiyo alikuwa amekonda kuliko wateja wake. Kuitwa mwizi nilikuwa nimejiandaa. Hilo la baba sikujiandaa. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema niruhusuni nikalete daftari, nikaenda bwenini, nikaandika ukurasa mwingine kwa mkono wangu mwenyewe kwa dakika kumi. Halikunijia. Nilichojua ni kwamba nina haki, na haki yangu imo ndani ya daftari la siasa chini ya kwapa, na huyu mtu mnene ataimeza leo.

Nikautoa ule ukurasa nikaupiga mezani mbele ya Mkuu.

"Hii hapa," nilisema. "Mtazame wenyewe. Ukurasa umechakaa, una udongo wa shamba tangu mwezi wa tano. Hakuna aliyenunua kitu. Na hiyo si saba, ni moja. Nilisoma vibaya. Basi."

Mwalimu Sylvesta aliuchukua kabla Mkuu hajaugusa. Akausogeza kwenye mwanga, akatafuta thelathini na saba, akaipata. Kidole gumba chake kikatua juu ya ile namba na kukaa pale.

"Huu ni mwandiko wako, Mwamvua," alisema.

Hakuwahi kuniita kwa jina langu tangu Januari. Mimi nilisikia shutuma tu. Nilisikia kwamba sasa anataka kunitwisha na hili.

"Si wangu," nilisema.

"Tazama vizuri." Sauti yake ilikuwa ya chini. Alinishikia ukurasa mbele ya macho, kidole bado kiko palepale, na alinitazama mimi, si ukurasa. "Si wewe uliyeandika hapa?"

"Mwalimu, nimeshasema si wangu. Mimi sijawahi kuandika moja ya namna hiyo maishani mwangu. Ni wa Nsengimana."

Yule bwana wa dirishani aliweka kikombe chini.

"Nione," alisema.

Mwalimu Sylvesta hakusogea. Ilibidi yule bwana ainuke, aje mpaka kabatini, auvute ukurasa kutoka kwenye vidole vyake. Akautazama muda mfupi tu.

"Moja hii wanafundishwa na mapadri wa Burundi," alisema. "Huyo Nsengimana ni mtoto wa wapi?"

"Busunzu," alisema Mwalimu Sylvesta haraka.

"Aitwe," alisema yule bwana, akafungua jalada.

Walimwita kutoka zizini. Alipita mbele ya wenzetu kwenye nyasi, na akapita karibu yangu mlangoni mimi nikitoka. Alikuwa ananuka maziwa. Aliona ukurasa mkononi mwa yule bwana, akaelewa. Nje, dirishani, niliona na kusikia yote: walimkalisha wakampa kalamu na karatasi, wakamwambia aandike moja mpaka ishirini. Aliziandika zote kwa vijiti, safi kabisa, kama mtoto wa Busunzu. Halafu yule bwana akamwambia azihesabu kwa sauti, upesi, na tena upesi zaidi, na mahali fulani kwenye kumi na kitu ulimi wake nao ukachoka, ukarudi kwenye Kifaransa.

Kabla ya saa sita wenzangu waliambiwa wamefutiwa kosa. Walishangilia. Walinibeba juu, walinizungusha kwenye nyasi, wanaimba sini ya thelathini na saba kwa namba sahihi. Generosa alikuwa wa kwanza kuacha kuimba. Aliniuliza Nsengimana yuko wapi, nikamwambia.

Jumamosi asubuhi lori lilikuja. Nsengimana alikuwa na sanduku la bati na blanketi. Nilikwenda mpaka kwenye lori nikiwa nimepanga maneno mengi, lakini yeye aliniwahi.

"Alama zenu mmerudishiwa?" aliniuliza.

"Tumerudishiwa."

"Haya," alisema, akapanda. Mama yake huko Busunzu alipelekewa habari na mtu wa sokoni siku tatu baadaye, na sijui kama aliambiwa ni nani aliyetaja jina. Natumaini aliambiwa.

Jumatatu Mwalimu Sylvesta aligawa karatasi. Mimi nilikuwa na themanini na sita. Karatasi ya Nsengimana, tisini na saba, aliiweka mezani kwake kifudifudi. Hapo ndipo nilipasuka. Nilisimama bila kunyoosha mkono, na hilo nalo lilikuwa limekatazwa kwenye mlango. Nikamwambia yote. Kwamba masharti yake ndiyo yaliyomfukuza yule kijana. Kwamba alidai vitabu visivyokuwepo duniani, na tulipotafuta njia ya halali akatuita wezi. Kwamba Mkuu alimtukana baba yangu mbele yake, yeye akakaa kimya na shati lake jeupe. Nikamwuliza kama mtu mzima mwenye elimu yake alishindwa nini kusema neno moja la kumwokoa mtoto wa watu.

Nilingoja anifukuze, na nilitaka anifukuze.

Mwalimu Sylvesta alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

"Masharti ni yangu," alisema. "Hilo umesema kweli, na nitalibeba. Lakini pale ofisini nilikuuliza mara mbili, Mwamvua. Ningeweza kukuuliza mara ya tatu?"

Nikaona kidole gumba juu ya namba. Nikaisikia tena ile sauti ya chini, ikiniomba niseme ndiyo.

Nikakaa, akachukua chaki, akageukia ubao, akaanza kosini.